Siku Niliyojifanya Askari Njia ya Ushirombo

Naona aibu hata kuanza, lakini nyie ni watu wangu, na bora mlisikie kwangu kuliko kwa dada yangu Leokadia, maana yeye akisimulia anaongeza chumvi mpaka mimi natoka jambazi kabisa. Ni hivi: mimi, fundi cherehani wa sokoni Shinyanga, mwanamke ambaye mteja akisema gauni linambana naomba msamaha mimi (hata kama ni yeye aliyenenepa), niliwahi kuwa askari kwa muda wa kama saa nzima.

Nilikuwa nakwenda Ushirombo kwenye kipaimara cha binti wa Leokadia, na gauni lake jeupe ninalo mimi kwenye mfuko, limepigwa pasi. Basi likanishusha Kahama, na kwa haraka zangu sikusubiri basi jingine, nikapanda mchomoko, zile gari ndogo za kuchangia abiria, tena nikakaa mbele. Nyuma walikaa mzee mmoja wa Kisukuma, mama mmoja mwenye rozari mkononi, na mchimbaji wa dhahabu aliyelala kabla hata hatujaondoka.

Sasa, mimi gari linanitisha tangu zamani. Nikikaa mbele mguu wangu wa kulia unakanyaga breki ambayo haipo, na siku hiyo niliikanyaga mpaka goti likauma, kwa sababu dereva wetu, kijana aitwaye Kulwa, alikuwa mpole wa maneno lakini mguu wake haukuwa mpole hata kidogo. Analipita lori la pamba huku anaangalia simu! Nilitaka kusema, "Kaka, punguza mwendo," maneno matatu tu, yakagoma kutoka. Ndipo nikafanya kile kitu kidogo. Nikaweka simu sikioni, simu ambayo hakuna aliyepiga, nikasema, "Ndiyo, afande. Niko njiani natokea Kahama. Hapana, leo sijavaa sare. Namba ya gari ninayo."

Gari likapoa kama linaingia geti la hospitali. Kulwa akavuta mkanda akafunga, simu akaitupa pembeni, akasema kwa adabu, "Shikamoo, afande."

Pale ndipo ningecheka nikasema natania. Lakini nikaitikia, "Marahaba," kwa sauti nzito ambayo sijui niliitoa wapi, na aibu yangu kubwa ni hii: nilijisikia vizuri. Nikakaa wima. Nikamuuliza habari za matairi. Nikamwambia kijana, barabara haina ndugu, naye anaitikia ndiyo afande, ndiyo afande, na mimi ambaye nyumbani hata kuku hawanisikii nikawa naongea tu, sina hata woga.

Mzee wa nyuma akainama mbele. "Mayu," akaniita, yaani mama, "mimi wameniibia ng'ombe wawili. Wa kulimia. Nimezunguka wiki nzima, na mvua ndiyo hiyo inakuja. Nisaidie."

Ningefanyaje? (Najua, mnajua nyote ningefanyaje.) Nikatoa daftari langu la vipimo vya wateja, nikaandika jina lake, kijiji chake, na rangi za ng'ombe, mmoja mwekundu, mwingine mweupe mwenye doa shingoni. Nikasema, "Nitalifuatilia, mzee." Akanishukuru kwa mikono miwili, nami nikalifunga daftari haraka.

Kabla ya Masumbwe tukasimamishwa na askari wa barabarani, dada mmoja mrefu, sare imenyooka. Kulwa akashusha kioo akiwa na furaha zote. "Afande, leo niko salama. Nimembeba mwenzenu!"

Dada akainama akaniangalia. "Karibu. Unatoka kituo gani?"

"Cha... sokoni."

"Kituo cha sokoni ndiyo kipi?"

"Cha cherehani," nikasema, na mchimbaji akaamka kwa kicheko.

Akaniteremsha. Mbele ya gari, mbele ya bodaboda na wauza mahindi waliosimama kutazama, nikafungua mfuko kumuonyesha gauni, futi ya kupimia, na daftari. Akaniuliza kama najua kujifanya askari ni kosa la kupelekwa mahakamani. Nikasema najua, nikasema nilikuwa naogopa mwendo, na machozi yakatoka bila kuagizwa. Akageukia gari. "Alikuwa anakimbiza kweli?"

Mama wa rozari akasema, "Kweli, mwanangu. Mimi nimesali tangu Kahama." Kulwa akaangalia chini.

Dada alitusema wote wawili, mimi na Kulwa, tukasikia. Nikadhani limekwisha. Mzee akashuka taratibu, akaniuliza bila hasira, "Kwa hiyo ng'ombe wangu?"

Heri angenitukana. Nilichana ule ukurasa nikampa dada. "Haya ya mzee ni ya kweli," nikamwambia. Akausoma, akampa mzee kiti, akamuuliza upya yote, akapiga simu huko kijijini kwao. Sisi tukangoja, na hakuna aliyelalamika.

Niliporudi garini nilikaa nyuma. Mzee alipokuwa anashuka ndipo akaniambia, "Uliandika vizuri lakini." Kama ng'ombe walipatikana sijui, na hilo linaniuma kuliko kicheko cha wale wa bodaboda.

Siku ya kurudi nilimwambia dereva mwingine kabla hata hajawasha gari: "Kaka, mimi ni mwoga wa gari, ukikimbia nitakusumbua." Akacheka, akasema, "Haya mama, tutatembea." Sauti yangu ilitetemeka kama ya mtoto anayeomba ruhusa, ila tangu siku hiyo ndiyo ninayosafiri nayo.