Kinu cha Saa Sita

Mtu akinitakia heri ya mwaka mpya namwitikia vizuri, adabu haigombi. Ila akiongeza "mwaka mpya, mambo mapya," huwa natazama chini, pale nilipokanyaga. Sina ubaya naye. Ni mazoea niliyokuja nayo kutoka machimboni, na majirani wa hapa Mhunze hudhani nimedondosha sindano.

Tuliishi machimboni upande wa Rwamgasa miaka kadhaa, mimi, mume wangu na binti zetu wawili. Mume wangu alikuwa mchimbaji wa maduara, yale mashimo marefu ambayo watu hushuka kwa kamba, kisha huchimba kwenda pembeni wakifuata mkanda wa mawe yenye dhahabu. Kila Januari aliacha duara. Kila Februari duara lilimkumbuka. Nilikuwa namwambia kwamba ahadi zake ni mvua ya kiangazi, inanukia tu, hainyeshi. Anacheka, anachukua nyundo yake, anaondoka.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa tofauti. Kwenye mkesha wa kanisani alisimama mbele ya watu akashuhudia kwamba harudi tena chini ya ardhi. Amepata kazi Isaka ya kupakia na kupakua mizigo ya malori, na akishadunduliza vya kutosha tutahamia kwao Mhunze, tujenge nyumba ya tofali za kuchoma, tulime pamba na dengu, tuishi na watu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi na mdomo wangu huu nililia mpaka kitenge kikalowa. Mwanamke wa machimboni anaishi sikio lake moja likiwa duarani. Akisikia watu wanakimbia, anaacha chungu motoni na kwenda kuona ni mume wa nani. Lile sikio langu sasa lilipumzika, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kabla ya kuondoka aliniomba jambo moja. Pale kwetu tulikula ugali wa udaga, yaani muhogo mkavu, na nilizoea kuupeleka mashine. Akasema niache mashine. Nitwange mwenyewe, kwenye kinu chetu, palepale jikoni, kila siku saa sita mchana. Eti unga wa mashine hauna ladha, na mwaka mpya tubane matumizi. Nikamuuliza kwa nini iwe saa sita. Akasema anataka akiwa Isaka na gunia mgongoni, ajue kwamba saa hiyo mke wake anatwanga, roho yake itulie. Basi nikavimba kichwa. Wanaume wa kwetu hawagawi maneno matamu ovyo, akikupa moja unalifunga kwenye pindo la khanga.

Mimi nami nilikuwa na ahadi zangu za mwaka. Ya kwanza ilikuwa kufunga mdomo, ikavunjika kabla sijamaliza chai. Ya pili ilikuwa kuifanya nyumba ionekane nyumba. Ilikuwa ya udongo, bati juu, chumba chetu na chumba cha watoto, na jiko dogo la peke yake huko nyuma, karibu na choo. Nikachimbua udongo mwekundu, nikauchanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, nikaisiliba sakafu yote kwa mikono mpaka ikawa laini. Binti yangu mdogo akalala kifudifudi katikati yake akasema inanukia vizuri. Nilijiona nimeanza maisha.

Wiki ya pili mvua kubwa ikaja na kuliangusha jiko. Ukuta ulilainika, ukakaa chini taratibu, paa likaufuata. Sikumwambia mume wangu. Alikuwa akipiga simu jioni, na nilijua nikimweleza ataacha kazi na kuja, na akija hatarudi Isaka, ataishia duarani. Nikakaa kimya kwa nia njema. Nikahamisha mafiga, sufuria na kinu, nikaweka jiko jipya barazani, chini ya upenu, kinu kikiwa karibu na ukuta wa chumba cha watoto. Kwa kweli palikuwa pazuri zaidi. Nilitaka akija akute mambo mapya.

Naye kwenye simu hakukosa kuuliza kama nimetwanga. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na ngurumo isiyokoma. Nilipomuuliza akasema ni malori. Nilikaa miaka machimboni, mlio wa mashine ya kusaga mawe naujua, lakini moyo ukiamua kuamini unaziba masikio.

Siku chache baada ya kuhamisha jiko, sakafu yangu ikapasuka. Ufa mwembamba, kutoka mlangoni kwa watoto kwenda kwenye kitanda chao. Nikasema ni unyevu, nikausiliba. Kesho yake ulikuwa pale pale, umeongezeka. Nikausiliba tena, safari hii kwa hasira, nikiuambia kwamba mimi siyo mtu wa kuchezewa. Kuku wangu, aliyekuwa akitaga chini ya kile kitanda, akahama bila sababu na kwenda kutagia kwa jirani. Maji ya ndoo yakawa yanatikisika yenyewe mchana, viduara vidogo vinatoka katikati vinakwenda ukingoni. Nilimwita jirani yangu, mama mmoja wa Kigoma anayeuza chapati, aje aone. Alisimama akayatazama yale maji, akasoma dua kwa sauti ya chini, akaniambia nisiwalaze watoto humo. Nikamtania kwamba kuku wangu amemnogea, sasa anataka na nyumba. Hakucheka.

Duara la karibu lilikuwa bondeni, nyuma ya shamba la huyo jirani. Lilifungwa tangu Krismasi. Ndiyo desturi ya kule: likizo ikiisha hakuna anayeshuka mpaka mwenye duara achinje mbuzi wa kufungua mwaka na damu imwagike mdomoni mwa shimo. Mbuzi alikuwa hajachinjwa, kila mtu alijua. Kwa hiyo mawazo yangu hayakwenda huko kabisa. Nilifikiri ni mvua, au ni maji chini ya ardhi, au nadhiri fulani niliyoisahau.

Halafu ikafika siku ile. Mvua ilikuwa imekatika, watoto wamelala chumbani baada ya uji, mimi natwanga. Nikasimama kidogo kufuta jasho, mchi mkononi. Chini ya miguu yangu nikasikia mdundo, kisha mwingine, kisha kimya. Nikatwanga. Nikasimama ghafla. Mdundo ukaendelea kidogo, nao ukasimama. Nikajua kuna mtu huko chini ananisikiliza.

Nikatwanga tena polepole, nikiwa nimeinama, sikio karibu na udongo. Nikaweka mchi chini bila kutoa sauti. Mara hii aliyekuwa chini alichelewa kusimama, nikamsikia vizuri. Mbili za haraka, moja ya kusubiri. Mbili za haraka, moja ya kusubiri. Mkono ule nilikuwa nimeusikia ukigongelea bati za nyumba hii, ukigongelea kitanda cha watoto, ukigongelea kigoda nilichokalia. Mume wangu hakuwa Isaka. Alikuwa chini ya binti zangu.

Niliwabeba wote wawili wakiwa usingizini, sijui kwa nguvu gani, maana mkubwa alishakuwa mzito. Nikawatua kwa mama wa chapati, nikamwambia wasirudi nyumbani hata wakilia. Nikashika njia ya bondeni.

Mwanamke hasogelei mdomo wa duara. Wanasema dhahabu inakimbia, na ajali ikitokea mwaka ule, wewe ndiye uliyeileta. Mwenye duara alikuwa amekaa chini ya turubai na vijana wake, mipira ya kupitishia hewa imeshushwa shimoni, kamba zimelowa. Aliponiona alisimama akanyoosha mikono, akaniita shemeji, akanisihi niishie pale pale nilipo.

"Dhahabu itakimbia, shemeji."

"Ikimbie," nikamwambia. "Mtoe mume wangu."

Akaapa kwamba hayupo. Nikamwambia nitakaa juu ya mdomo wa shimo lake na kitenge changu, nione huyo mbuzi wa kulisafisha atatoka zizi gani. Hilo lilimtosha. Wakatikisa kamba.

Mume wangu alitoka amejaa tope mpaka kope, taa kichwani, mchana kweupe. Nilikuwa nimeandaa matusi ya kutosha ukoo mzima. Sikupata nafasi ya kutoa hata moja. Akaanza kueleza bila kuulizwa, haraka haraka. Tulipochimba choo, alikuta jiwe jeupe lenye chembe za dhahabu, mkanda ule ule wa bondeni umepanda mpaka nyuma ya nyumba yetu. Alilificha. Kwa juu asingeweza kuchimba, wangekuja watu wote na eneo lingechukuliwa. Ndiyo wakakubaliana na mwenye duara waufuate kwa chini, wakati watu wanadhani kumefungwa. Mara hii ingekuwa ya mwisho kweli. Mhunze bila mtaji, alisema, ni kuhamisha njaa tu. Kuhusu Mungu aliyemwapia kanisani hakusema kitu.

Nikamuuliza kile kinu kiliingiaje.

"Chini hakuna njia, mama watoto. Ni giza, unakwenda kwa masikio," akasema. "Nilikuwa nafuata kinu chako. Jiko liko mbali na nyumba, nilijua nikifuata kinu siwezi kuwagusa watoto."

Aliyasema hayo kwa upole, kana kwamba ananipa zawadi.

"Jiko lilianguka," nikamwambia. "Kinu kiko ukutani kwa watoto."

Aligeuka akamtazama mwenye duara, na mwenye duara akatazama chini. Kijana mmoja akasema taratibu, kama anajisemea, kwamba baruti imeshapangwa, walikuwa wanasubiri mimi nimalize kutwanga, niondoke jikoni, ndipo walipue. Mume wangu akakaa kwenye tope. Akavua ile taa, akaizima, akaiwasha, akaizima tena.

Hawakulipua. Jioni ile ile tulitoa kitanda, masanduku na bati kwa msaada wa majirani, mmoja mmoja akiingia kwa kunyata. Kabla ya Februari kwisha ukuta wa chumba cha watoto ulizama, na sakafu niliyoisiliba ikazama nao. Jirani yangu alinipigia kunieleza. Alisema shimo limejaa maji, halina sauti. Wakati huo tulikuwa tumeshafika Mhunze, hatuna mtaji wowote, na njaa ile aliyoitabiri tuliionja sawasawa.

Watu hunisifia kwamba mume wangu ametulia. Ni kweli. Analima, anachunga ng'ombe wa baba yake, kanisani anakaa viti vya nyuma na mkesha ukifika hasimami kuahidi chochote. Nami nimejifunza kuongea naye polepole, kumweleza hata kama kuku amehama. Nilimsamehe, na nilimaanisha. Lakini wakati mwingine mchana tukila, mwanamke fulani mtaa wa pili akianza kutwanga, mume wangu huacha tonge mkononi. Anainamisha kichwa. Hajui kama namtazama. Anapima sauti inatoka upande gani na iko mbali kiasi gani, kisha anaendelea kula.

Mwaka mpya huu tulichimba choo kipya. Nilisimama juu ya shimo tangu jembe la kwanza, jua linaniunguza, nikitazama kila jiwe alilorusha nje. Alinitania kwamba nimekuwa mnyapara. Kuelekea mwisho alishika jiwe moja jeupe, akalipangusa kwa kidole gumba, akaligeuza juani. Akainua macho akaniona. Akalirusha kwenye kifusi kama mengine, tukaongea habari za mvua.

Juzi nilikuwa nafua suruali yake ya kazi, nikalikuta mfukoni.

Nililirudisha nilipolitoa na suruali nikaianika. Kisha nikachukua mchi, ule ule wa machimboni aliokuwa akiufuata gizani, nikaupasua kwa shoka na kuupikia ugali. Alikula akamaliza. Alipokuwa ananawa aliona kipande cha mchi kikiwaka, akakitazama mpaka maji ya kunawa yakaisha.