Mfuo wa Saba

Jumatano saa kumi alasiri, nikishatoka kazini, huwafundisha watu wazima kusoma maandishi ambayo si hadithi wala si maombi. Ualimu si kazi yangu. Mimi ni karani wa mizani katika ghala la tumbaku, na shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijifundisha mwenyewe kwa mifuko ya mbolea, vipeperushi vya dawa za mifugo, na zile karatasi za maelekezo zinazokuja zimekunjwa ndani ya boksi la redio. Nilizisoma zote mpaka mwisho, hata sehemu zilizoandikwa kwa lugha nisizozijua, kwa sababu niliona si heshima kuishia katikati.

Darasa lipo Chemchem, katika ukumbi mdogo wa kanisa. Wanafunzi ni wanane. Herufi wanazijua, shida yangu ilikuwa nyingine. Wote walijifunzia kusoma kwenye Biblia na kitabu cha nyimbo, kwa hiyo kila kilichopigwa chapa kwao kilikuwa somo la Jumapili. Wiki ya kwanza nilileta tangazo la maji. Mama mmoja mzee wa kanisa, muuza karanga, aliyenizidi umri kiasi cha kunizaa, alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akasoma kwa sauti ya mimbarini: "Wananchi wote mnatangaziwa kwamba maji yatakatika kuanzia Alhamisi, kwa muda usiojulikana."

"Amina," wakaitikia wote.

Nikamuuliza, "Mama, nani anasema hapa?"

"Tangazo."

"Tangazo halina mdomo."

"Basi mwanangu, umelileta wewe. Tuambie wewe."

Ilinichukua karibu mwaka kuwatoa hapo. Niliwapa maswali matatu tu, nikayaandika ubaoni kila Jumatano mpaka ubao ukashika alama: Nani anasema? Anataka nini? Amejuaje? Tulisoma lebo ya dawa ya kuua kupe. Tulisoma barua ya mwaliko wa harusi, ambayo baada ya swali la pili ilionekana si mwaliko hata kidogo. Tulisoma kipeperushi cha mizinga ya kisasa kilichotoka Sikonge, na yule mama akataka kujua mwandishi alijuaje kwamba nyuki wanaipenda, au kama aliwauliza. Nilijivunia sana swali hilo. Sikujua kwamba siku moja litanirudia.

Sasa nieleze habari ya jiwe. Nyuma ya nyumba za mwisho za mtaa wetu, kando ya njia ya zamani ya misafara, kuna jiwe kubwa bapa lenye mifuo, yaani michirizi mirefu iliyolika kwa kunolewa vyuma. Watoto huteleza juu yake. Mimi nimelipima kwa rula na uzi, na vipimo vyake vyote vipo kwenye daftari langu. Mtendaji wa kata alipotaka kuweka bango pale, ili wageni wanaofuatilia njia ya misafara wawe na kitu cha kusoma, akanijia mimi. Aliniambia niandike kitu kifupi. Mchora mabango angekuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi na bati lake.

Sitaficha kwamba jambo hilo lilinishika. Kwa miaka yote hiyo nimesoma maneno ya watu wengine, na hakuna aliyewahi kusoma maneno yangu isipokuwa kilo na madaraja ya tumbaku. Bango lingesimama pale mvua na jua, nami nikishakufa lingekuwa bado linasema. Niliandika kwa wiki tatu. Yakawa mistari ishirini na miwili. Ilijaza bati lote, hata nafasi ya jina langu ikakosekana, nikajifariji kwamba waandishi wakubwa hawana haraka ya kujulikana.

Jumatano kabla ya mchora mabango kuja nikaipeleka darasani. Sikuwaambia ni yangu. Nilitaka kuwaona wakiipenda wenyewe.

Mama muuza karanga akasimama, akasoma. Alisoma vizuri mno. "Mifuo hii saba ilichimbika kwa mikuki na visu vya wapagazi waliopumzika hapa wakielekea pwani. Mfuo wa saba hauna kina kama mingine. Yaelekea msafara wa mwisho ulikuwa na haraka."

Alipomaliza nikangoja. Nakiri kwamba kwa mara ya kwanza tangu darasa lianze nilitamani wote waseme Amina.

Hakuna aliyesema. Mama akageuka, akatazama ubao.

"Nani anasema?" akauliza.

"Mwandishi," nikajibu haraka.

"Mbona hajajitaja? Kipeperushi cha nyuki kilijitaja. Hata aliyekata maji alijitaja. Huyu anaogopa nini?"

"Labda ni mtu mnyenyekevu, mama."

"Mnyenyekevu wa mistari ishirini na miwili!" Akaketi.

Nyuma kabisa hukaa fundi wa majembe, mtu wa Puge aliyehamia mtaani kwetu na gunia lake la mipini. Huyo huzungumza mara moja kwa mwezi, na hapo mpaka umwombe. Siku hiyo aliinua mkono mwenyewe.

"Anataka nini, hilo nimelipata," alisema. "Anataka asifiwe."

Darasa likacheka. Mimi nikatafuta chaki ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

"Tuingie swali la tatu," nikasema, nikijua hapo nitapumua, maana vipimo ninavyo. "Amejuaje? Huyu amelipima jiwe, kila mfuo kwa sentimita zake. Huoni ametaja urefu?"

"Urefu nauona," fundi akasema. "Naulizia mikuki. Mwalimu, wewe umewahi kunoa mkuki?"

"Hapana."

"Mimi nimenoa. Mkuki ni mwembamba, unauchezesha pembeni pembeni. Hauwezi kuacha mfuo mpana kama kiganja. Ule ni upana wa jembe." Akakuna shingo. "Halafu huu wa saba, ambao anasema msafara ulikuwa na haraka..."

"Ndiyo?"

"Ni wangu."

Vichwa vyote vikamgeukia.

"Wako vipi?"

"Jiwe langu la kunolea lilivunjika nilipokuwa nahama, likaangukia reli. Tangu nifike hapa nanolea pale, alfajiri kabla wateja hawajaja. Jana nimenoa matano. Na haraka sikuwa nayo, mwalimu. Nilikuwa nasubiri chai."

Kicheko kilichofuata kilimleta mhudumu wa kanisa mlangoni kuangalia kuna nini. Mama muuza karanga alikuwa anajifuta machozi kwa pembe ya kitenge. "Msafara wa mwisho huyo hapo! Tumpe maji, katoka mbali!"

Nilifungua daftari langu ili nimshinde kwa ushahidi. Nilipata ukurasa. Miaka iliyopita, kabla fundi hajahamia mtaani, nilikuwa nimeandika kwa wino wa bluu: mifuo 6. Baadaye, kwa wino mweusi, nikaikata sita na kuandika 7, na pembeni, kwa mwandiko nadhifu, nimeweka maelezo: nilikosea kuhesabu.

Mama akaja akasimama nyuma yangu, akasoma, akaweka kidole chake chenye chumvi ya karanga juu ya yale maneno.

"Na hapa nani anasema?"

"Mimi, mama."

"Ulikosea kuhesabu?"

"Hapana. Nilihesabu sawasawa mara zote mbili."

Hapo ndipo wote walipoelewa maandishi yale ni ya nani, na kicheko kikakatika ghafla. Hilo lilinichoma kuliko kicheko chenyewe. Fundi akasimama, mtu mkubwa, akiikunja kofia yake.

"Mwalimu, unisamehe. Mimi sikujua. Liache hivyo hivyo. Nitatafuta jiwe jingine, wageni watajuaje?"

Nilifikiri, sitasema uongo. Bati lilikuwa tayari. Mtendaji alikuwa ameisifu mistari yangu. Katika watu wote ambao wangelisoma bango lile, wanane tu wangejua, na mmoja wao alikuwa ananipa mfuo wake bure. Nikageuka nipate la kumjibu, nikawa nimeuelekea ubao, na ubaoni kulikuwa na mwandiko wangu mwenyewe.

"Kaa, fundi," nikasema. "Ile sita ya mwanzo, nani anaijua?"

Mama alisema mama mkwe wake aliikuta alipoolewa, naye aliambiwa na waliomtangulia kwamba waliikuta vilevile. Zaidi ya hapo hakuna aliyekuwa na neno. Tukaandika upya, wote, sentensi kwa sentensi, na kila iliyoshindwa swali la tatu tukaifuta. Walifuta kwa furaha ambayo sikuipenda. Mistari ishirini na miwili ikabaki mitano:

Jiwe hili lina mifuo saba, upana wa jembe. Sita hatujui ni ya nani. Wazee wetu waliikuta. Wa saba ni wa fundi wa majembe wa mtaa huu. Bado anautumia.

Mtendaji alikasirika Jumamosi. "Bango gani la serikali linasema halijui? Wapagazi wako wapi?"

"Shikamoo yako naipokea baadaye," mama akamwambia, maana alikuja na darasa zima. "Kwanza tuambie wewe unajua nini."

Mtendaji akasoma tena, akaguna, akaondoka na pikipiki yake. Mchora mabango yeye alilalamikia kitu kingine: bati ni kubwa, maneno ni machache, chini kumebaki tupu. Akauliza aweke ua au bendera.

"Weka jina lake," mama akasema, akininyooshea kidole. "Ili anayesoma ajue wa kumuuliza."

Kwa hiyo jina langu lipo pale, kubwa kuliko nilivyowahi kuota, chini ya maneno yanayokiri kwamba sijui.

Wiki iliyofuata nilipita na baiskeli asubuhi kwenda ghalani. Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye mfuo wake, jembe mkononi, akimsomea mteja bango kwa sauti ya mimbarini, taratibu, mpaka jina la mwisho.

"Amina," mteja akasema.

Nilikuwa na mzigo nyuma, na kilima kiko mbele. Sikusimama kumsahihisha.