Mtungi wa Mama Kwenye Karai

Mtungi wa mama ulikuwa wa kijani kinachokaribia bluu, unang'aa kama sahani mpya, na ulinifika kiunoni. Babu wa babu yake baba alikuwa mpagazi wa misafara, akaubeba kichwani kutoka pwani hadi kijijini kwetu Samuye. Mama alikabidhiwa na mkwe wake, akawa anahifadhia mbegu za mtama. Mwaka jana nilipeleka wanafunzi wangu makumbusho, nikaona mtungi ndugu yake ndani ya kioo, na maelezo kwamba ulifinyangwa Uajemi enzi za makhalifa. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Nikamkuta mdogo wangu kauchuchumalia. Yeye ni mchimbaji wa dhahabu upande wa Geita. Alikuwa amerudi nyumbani baada ya duara lao, lile shimo walilokuwa wanachimba karibu na Masumbwe, kuporomoka. Yeye alikuwa juu akivuta kamba. Wenzake walikuwa chini. Mama, au mayu kama tunavyomwita nyumbani, hakutaka hata kumsikia akitaja kurudi huko. Sasa alikuwa analowesha kidole kwa mate na kusugua shingo ya mtungi, pale rangi ilipozeeka ikatoa mng'ao wa manjano. Mchimbaji hawezi kuona kitu kinang'aa akakiacha. Akasema lazima apime sampuli: asage kipande, akioshe kwenye karai, aone kinachobaki chini.

Nilimweleza mama kwamba ule ni udongo tu, rangi ilichomwa tanuruni, na mitungi ya namna ile imebaki michache sana. Mama alinisikiliza vizuri, kisha akachukua mchi, akaumega mdomo wa mtungi. Sharti lake lilikuwa moja: sampuli isagwe pale pale nyumbani, kwenye kinu chake. Nilikasirika, hata chakula sikula.

Karai halikutoa kitu. Mdogo wangu akasema labda mali iko chini zaidi, mama akammegea shingo. Likafuata bega. Mbegu zikahamia kwenye ndoo ya plastiki, na kila nikifika kutoka Shinyanga mjini nakuta mtungi umepungua. Nilipolalamika, mama hakuacha kupepeta mtama wake.

"Huo mtungi umekaa humu tangu niolewe," alisema. "Huyu hajakaa hata msimu mmoja."

Nikamfuata mdogo wangu nyuma ya jiko. Nikamuuliza kama kweli mchimbaji mzima hawezi kutofautisha dhahabu na chungu.

"Dada, toka karai la kwanza niliona hamna kitu," alijibu bila kuinua macho. "Lakini nikimwambia mayu hamna, nitabaki hapa kwa sababu gani? Wenzangu waliobaki wananiita kila siku nirudi. Mimi naogopa shimo, dada."

Hasira zote ziliniisha. Niliingia ndani. Tumbo la mtungi lilikuwa bado zima. Nikachukua mchi, nikalivunja mwenyewe, nikampelekea vipande kwenye ungo.