Disquette Yangu Ilipanda Ndege

Mudogo wangu alizaliwa na bahati yote mukononi. Mimi nilizaliwa wa kwanza, basi. Yeye akiimba ku kanisa, bamama banageuka kumuangalia. Mimi nikitwanga sombe ya muhogo mpaka jasho linashuka, Papa anauliza: "Mudogo wako alikusaidia?" Niseme wazi: nilimuonea wivu tangu utoto, na ule wivu hapana kuzeeka.

Ilikuwa wakati wa vita. Njia ya kuenda ku mupaka ilijaa barriere za basoda, na Papa alikuwa anauzisha papaine, yale maziwa ya papai yenye bakulima ba Mabalako banakausha. Baclient hawakufika tena. Njo akasema anataka site ku internet, ili munuzi mumoja wa Kampala aone mali bila kukanyaga kwetu Butembo. "Ninyi wawili mulijifunza ile kazi ku cyber," akatuambia. "Mwenye page zake zitakuwa muzuri kupita, nitapanda naye ndege pale Rughenda, tuende kumuona ule munuzi."

Mimi, ndege nilikuwa naiona tumbo yake tu ikipita juu ya nyumba. Ile kiti niliitamani mpaka nikakosa usingizi.

Sasa, wakati ule navigateur, zile programu za kufungulia page, kila moja ilikuwa na kichwa yake. Page inakaa sawa huku, kule maneno yanapanda juu ya foto. Mudogo wangu alijaribia zake mu navigateur moja tu, halafu huyo, akaenda kusuka nywele. Mimi? Connexion ilikuwa bei kali, basi nilibeba kazi yangu mu disquette, kale kasahani ka kutia kazi ya kompyuta, nikazunguka nayo kila pahali penye groupe ya umeme ilikuwa inawaka: ku cyber, ku bureau ya paroisse ya kanisa, kwa rafiki wa Papa. Penye page ilipinda, nikanyoosha. Mwishoni zilikaa sawasawa mu mashini zote.

Siku ya kuhukumu, tulitia zote ku internet, na Papa akatupandisha camion mpaka Beni, kwa mukubwa mumoja wa serikali, mutu wa Kasai, mwenye alikuwa na mashini na connexion. Papa alisema ile mashini haijui mutoto wa mutu, haitapendelea.

Page za mudogo wangu zilifunguka za kwanza. Ayii, furaha yangu! Maneno yamelaliana, kichwa ya habari imefunika uso wa Papa mu foto. Halafu zangu: mistari imenyooka kama maharagi mu shamba. Lakini penye foto, bisanduku bitupu, na kamusalaba kekundu ndani.

"Na papaine iko wapi?" Papa akauliza.

Nilifungua tena. Bisanduku tu.

"Yaya," mudogo wangu akasema, vile ananiita mimi mukubwa wake, "weka disquette yako."

"Ya nini?"

"Weka tu. Kila mara unafungua page zako, mashini inalia krr krr. Uliziambia zikamate foto mu disquette."

Nikaitosha mu sakoshi ya begani, nikaiweka. Krr krr. Foto zikatoka moja moja, magunia, bakulima, Papa na kofia yake. Mukubwa akapiga makofi. Kumbe kila pahali nilijaribia, disquette ilikuwa ndani, ningeona kosa wapi? Na Papa alikuwa anamuangalia mudogo wangu sawa vile mutu anaangalia ng'ombe yenye kuzaa mapacha.

"Tutapeleka page za yaya," akasema. "Na mudogo atapanda ndege na mimi."

"Papa! Mais ni mimi nilijenga!"

"Ulijenga, mutoto wangu, aksanti. Lakini zikilala mu njia, nani atazilamusha?"

Nilizitengeneza palepale, mbele hatujatoka Beni. Foto zikafunguka zenyewe, bila disquette. Nilimuonyesha Papa. Akatikisa kichwa, halafu akanyoosha mukono: "Lete hata hivyo. Mutu hajui."

Pale Rughenda, mudogo wangu alipanda na disquette yangu mu sakoshi, na biatu byangu mu miguu, juu Mama alisema nimuazime.

"Yaya, nikuletee nini?"

"Kiti yangu," nikasema. Ndege ilikuwa imeanza kunguruma, hakusikia.

Alirudi na kikwembe kizuri, na disquette. Hawakuigusa hata kidogo, alisema. Page zilifunguka muzuri sana, na munuzi alimusifu yeye.