Kibati cha Chini ya Randa

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu, kama ya nywele zilizodondokea kwenye makaa. Ulikuwa mgongoni mwangu, una miezi saba, umelala. Sasa umekua unauliza kwa nini dole gumba la babu yako ni fupi, na kila mtu hapa Endagikot anakupa jibu lake. Wengine wanakuambia ni kijicho cha majirani. Kijicho gani? Nilikuwepo, na kosa lile lina sehemu yangu. Mimi si mzee, hata miaka thelathini sijafika. Ila kuna uchovu usiosubiri mvi.

Baba yako mkubwa alirudi kutoka Marekani baada ya miaka sita, akamletea baba yako randa ya umeme kwa ajili ya karakana. Mgeni njoo mwenyeji apone, watu walisema. Na ilikuwa nzuri, siwezi kuisingizia: ya bluu, nzito, imelala kwenye sanduku lake kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Plagi yake tu ndiyo ilikuwa na miguu miwili bapa isiyoingia kwenye soketi zetu. Baba yako akaenda Mbulu mjini kutafuta adapta. Mwenye duka alimuuliza mashine yenyewe ni ya umeme kiasi gani. Baba yako akamjibu, "Wewe nipe kinachoingia ukutani." Alinisimulia mwenyewe, anacheka, kama mtu aliyeshinda kesi.

Asubuhi ya kuizindua nilipewa kazi ya kuifuta vumbi. Nilipoigeuza nikaona kibati chini yake kimeandikwa volti 120. Mwanangu, fizikia nilisoma mpaka kidato cha nne. Cheti changu si cha kuringia, lakini hilo nililijua: umeme wa ukutani kwetu ni kama volti mia mbili na thelathini. Adapta ile inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme unabaki ule ule. Ukimfunga mbuzi kengele ya ng'ombe hataongeza maziwa.

Nikamwita baba yako pembeni ya zizi.

"Hii ni ya umeme mdogo. Itaungua."

"Kaka amekaa Marekani miaka sita. Wewe umekaa wapi?"

"Nimekaa darasani."

"Basi baki na darasa lako. Leo usiniaibishe mbele ya wazee."

Nikabaki nalo. Unajua tulivyolelewa. Mke aliyeolewa hapandishi sauti mbele ya baba mkwe. Anapeleka chakula, anasalimia, anaondoka. Na zawadi ya msafiri haigeuzwigeuzwi mbele ya aliyeileta, ni sawa na kunusa maziwa aliyokukaribisha jirani. Nikajiambia labda nimekosea mimi. Labda wazungu wana namna yao. Mtu akitaka kunyamaza, mwanangu, sababu hazimpungukii.

Kwetu cha kwanza ni cha mzee. Jembe jipya, mtungi mpya, nyama ya kwanza kuiva, vyote vinaanzia kwake. Kwa hiyo randa alipewa babu yako, aliyefundisha useremala nusu ya vijana wa kata hii kwa randa ya mkono. Wazee walikaa kwenye mabenchi, sala ikasomwa, ubao wa mkaratusi ukawekwa mezani. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na sufuria ya makande, neno limenijaa mdomoni kama kiazi cha moto. Babu yako akaweka mkono juu ya ile mashine, akacheka, akasema, "Hii sasa ndiyo itakayonistaafisha."

Akawasha.

Haikuunguruma, ililia. Niliona cheche ndani yake, halafu moshi. Mzee akadhani ndivyo zinavyolia za Marekani, akaisukuma kwenye ubao. Ilipogonga fundo la mti ikaruka, na yeye, kwa mazoea ya randa ya mkono, akatanguliza mkono wa kushoto kuituliza. Mengine sitakusimulia. Sufuria ilinidondoka, ukaamka ukilia, na baba yako mkubwa akawa anapiga kelele, "Zima! Zima!" wakati imeshajizima yenyewe.

Siku ya tatu nilimpelekea mzee uji hospitali. Mkono umefungwa, mkubwa kama boga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia.

"Mama Debora, mumeo ameniambia uliona maandishi."

"Niliyaona, baba."

"Ukanyamaza kwa nini?"

"Heshima, baba."

Akakitazama kile kitambaa mkononi. "Heshima yako imekula kidole changu. Ungekohoa basi! Hata kukohoa mkwe amekatazwa?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Babu yako naye akacheka kidogo, halafu akaacha. "Sikukutolea mahari unipikie tu," akasema. "Msichana anayejua kusoma tulimtafuta. Sasa umesoma, ukatuficha."

Nililia njia nzima mpaka nyumbani, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Hasira kwa baba yako, kwa mleta zawadi ambaye hakutazama kibati, na kwangu mimi zaidi ya wote. Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetufundisha mkuu asipoambiwa anavunjika nini.

Mwaka huu baba yako mkubwa, aliyekwisha kurudi Marekani, amepiga simu kutoka huko. Amepata msumeno wa umeme, anataka kuutuma. Simu ilikuwa kwenye spika, wote tunakula. Nikaivuta.

"Shikamoo shemeji. Ugeuze kwanza, unisomee kibati."

"Wewe ndiye utakayenifundisha umeme?"

"Ndiyo, shemeji. Nisomee."

Baba yako ameinamia sahani. Halafu sauti ikasoma, taratibu: mia na ishirini. Nikamwambia aurudishe dukani. Tangu siku hiyo naitwa mke mwenye mdomo, na hakuna aliyenishukuru. Msumeno haukuja. Vidole vyote vilivyokuwa mezani vipo.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Ukinunua mashine nje, au ukimwagiza mtu, soma kibati kabla ya kutoa hela. Kikisema 220 mpaka 240, chukua. Kikisema 100 mpaka 240, kama chaja nyingi za simu, chukua. Kikisema 110 au 120 peke yake, iache, au mtafute fundi umeme akupe transfoma ya kushusha umeme inayobeba nguvu ya mashine hiyo. Adapta haitakuokoa. Na ukijua kitu ambacho mkubwa wako hakijui, mwambie kwa adabu. Asiposikia, mwambie bila adabu, utaomba msamaha baadaye. Heshima si utumwa, na msamaha huombwa kwa mtu aliyebaki mzima.

Mungu akujalie shule, mwanangu, na akujalie koo lisilokauka mbele za watu. Uolewe au usiolewe, nyumba utakayoingia ifurahi kwamba umeingia na akili zako. Na wakikuchukia kwa hilo, wakuchukie wakiwa wazima.