Tao la Mlango wa Sapiwi

Kitabu kilikuja pamoja na cherehani mbovu. Mwenye cherehani alikuwa akihama Bariadi, akaniachia pia sanduku la vitabu. Kimoja kilieleza makanisa ya Ulaya ya karne za kati, kwa Kiingereza, lugha niliyojifunza kwa kamusi. Nilikisoma polepole, kila jioni baada ya kufunga kibanda changu cha kutengenezea cherehani. Nilipenda vioo vya rangi, nilipenda na kuta zilizochorwa watakatifu kwa ajili ya waumini wasiojua kusoma. Lakini kilichonikamata ni matao yaliyochongoka juu: mawe madogo yasiyo na chuma ndani, yamebeba ukuta mzima kwa mamia ya miaka.

Kigango chetu cha Sapiwi kilipoanza kujenga kanisa, niliiomba kamati mlango mkuu uwe na tao la namna hiyo, kwa matofali yetu ya kuchoma. Mwenyekiti, mama mkulima wa pamba asiyependa maneno mengi, alinisikiliza hadi mwisho.

"Likianguka?"

"Mtaweka zege na nondo, kama milango mingine."

"Na wewe hutatuletea tena habari za kitabu."

"Sitaleta, mayu," nikaitikia, kama tunavyowaita mama zetu.

Fundi wetu wa ujenzi alicheka sana. "Leo cherehani inajenga kanisa!" Hata hivyo aliikata fremu ya mbao ya kushikilia matofali wakati wa kujenga. Niliichora kwa misumari miwili, mmoja kila upande wa mlango: kamba ya msumari wa kushoto ikachora upinde wa kulia, ya kulia ikachora wa kushoto, zikakutana kileleni. Fremu tuliisimamisha juu ya kabari.

Nikarudi mjini kwenye kazi yangu. Nilipokwenda tena Sapiwi, tao lilikuwa limefika nusu, na matofali yote yalikuwa yamelala. Nililitambua kosa mara moja, maana nami nimepanga matanuru ya matofali tangu ujana. Mdomo wa tanuru hujengwa hivyo: unalaza tofali, unalisogeza ndani kidogo kuliko la chini yake, mpaka pande mbili zikutane.

"Bomoa," nikamwambia fundi.

"Bhabha, matanuru yangu hayajawahi kuniangukia."

"Tanuru likishaiva unalibomoa mwenyewe. Hapa watapita wajukuu zako."

Alinitazama, akatema mate, akachukua nyundo. Safari hii kila tofali liliwekwa kwa kuifuata kamba, likiinama kuelekea msumari wa upande wa pili. Na kwa kuwa tao husukuma kuta nje, tuliongeza nguzo nene kila upande.

Saruji ilipokomaa, tuliitoa fremu Jumapili baada ya misa. Waumini walisimama mbali. Fundi alishika upande mmoja, mimi mwingine, tukawa tunagonga kabari kidogo kidogo ili fremu ishuke taratibu. Tao likatoa mlio mfupi, kama kiti kinapokaliwa na mtu mzito. Fundi akatupa nyundo, akakimbia. Alikuwa ameshafika katikati ya shamba la pamba alipogundua kwamba yuko peke yake.

"Rudi, fundi!" mwenyekiti akapaza sauti. "Cherehani bado imesimama!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikitazama mwanga mwembamba uliotokea kati ya mbao na matofali. Nikapitisha vidole. Fremu ilikuwa haibebi kitu tena.

Tuliivuta nje. Tao likabaki peke yake, limechongoka, jekundu, na anga ndani yake.

Fundi alirudi, akapanda ukutani, akasimama juu ya kilele na kuruka kwa miguu yote miwili. Halikutikisika. Akaruka tena, safari hii akicheka, na vigelegele vikapanda.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kupita. Alisimama chini ya tao, akainua uso, akaligusa tofali la chini kwa kiganja. Kisha akanigeukia.

"Hicho kitabu," akasema, "kinasemaje kuhusu madirisha?"