Mchuzi wa Marehemu Masanja

Haya yalinitokea mimi mwenyewe, macho makavu, jua likiwa bado linawaka juu ya mawe ya Mwanza. Sikusimuliwa kilabuni na mtu aliyelewa. Najua utacheka, na cheka tu. Waliocheka kabla yako ni wengi, na sijaona hata mmoja ambaye kicheko kilimwongezea akili.

Ilikuwa mwishoni mwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Kiwanda cha pamba nilichofanyia kazi kilifungwa, tukaambiwa tukajitegemee, kana kwamba siku zote hizo tulikuwa tumebebwa mgongoni. Basi kila mtu akawa mfanyabiashara. Mwalimu akauza mitumba. Karani akauza mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Na mtunza stoo wetu, mtu mmoja aitwaye Nyanda, ambaye pale kiwandani hakuna aliyethubutu kumwachia hata pampu ya baiskeli, akawa bosi wa utalii.

Usiniulize mtaji aliutoa wapi. Tuliamka tukamwona na pikapu, na suti, na nyumba yenye ua mkubwa kule mlimani kati ya mawe, na simu ya mkononi aliyoishika mbele ya watu kama padri anavyoshika ekaristi. Akaanzisha matembezi ya mguu kwa wazungu: mji wa kale wa Mwanza na vyakula vyake. Mimi nilikuwa na Kiingereza cha seminari na tumbo tupu. Akaniajiri niwatembeze.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kijinga, nakuambia ukweli. Saa tisa alasiri nakusanya wazungu kumi au zaidi, kofia zao pana kama uyoga. Nawapeleka kwenye mti ambao inasemekana Wajerumani waliwanyongea watu, wanasimama chini yake wanapiga picha wakitabasamu. Nawapitisha kwenye maduka ya zamani ya Wahindi, kisha Makoroboi, wakashangae mafundi wanaotengeneza vibatari kwa makopo. Njiani tunaonja: kahawa chungu, karanga, matobolwa, ambayo ni viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Mzungu akitafuna tobolwa moja huandika maelezo kama daktari. Tunashuka ziwani kula dagaa wa kukaanga, halafu tunapanda mlimani, uani kwa Nyanda, kumalizia na mlo wenyewe: ugali, mlenda na samaki wa karanga.

Mlo huo ndio uliomtajirisha. Wageni walilamba vidole. Nani anapika? Hatukujua. Chakula kilitoka nyuma ya ukuta wenye mlango wa bati, na sisi waongozaji tulikatazwa mambo mawili: kupita mlango ule, na kula chakula cha wageni. Nilidhani ni uchoyo. Nyanda alikuwa mchoyo tangu stoo, kwa hiyo sikushangaa.

Sasa nikueleze habari za Masanja, maana bila yeye hutaelewa kitu.

Masanja tulifanya kazi mashine moja, tukapanga chumba kimoja mtaa wa Igogo. Kwao ni Misungwi, na mke wake Kabula na mtoto wao Shija walikaa huko kijijini. Alikuwa mpole, mkono wa kushoto una kovu refu, mashine ilimchana kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko. Na alikuwa mpishi. Alipika samaki wa karanga kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine yeyote: vitunguu anaviacha mpaka vinakaribia kuungua, halafu anatia embe bichi lililokunwa. Tulimcheka mpaka tulipoonja. Baada ya hapo hakuna aliyekwenda tena mgahawani.

Mwaka ule kiwanda kilipofungwa, Masanja aliugua tumbo ghafla akiwa kwa kaka yake Lugata, akafa. Nilikwenda Misungwi kuzika. Jeneza lililetwa na pikapu ya Nyanda, Lugata amekaa mbele kando ya dereva kama bwana harusi. Lilikuwa limepigwa misumari tayari. Kabula aliomba amwone mume wake. Lugata alikataa, akasema mwili umeharibika kwa joto, akalia kwa sauti iliyowafunika wanawake wote pale msibani. Nilibeba jeneza lile begani. Nakumbuka nilifikiri, mtu huyu alikuwa mwepesi hivi lini? Lakini nani anapima marehemu?

Haya. Siku moja, mwaka na kitu baadaye, tuko uani kwa Nyanda, mgeni mmoja mama wa makamo akasema tumbo lake halimpi raha. Akanisogezea sahani yake, haijaguswa. Nyanda hakuwepo karibu. Nilikuwa na njaa, nikala.

Niamini ninapokuambia kwamba tonge la kwanza lilinisimamisha nywele. Kitunguu kilichokaribia kuungua. Embe bichi. Si kwamba kilifanana na cha Masanja. Kilikuwa cha Masanja. Mkono wa mpishi ni kama sauti, unamjua mtu bila kumwona. Nililitema? Sikulitema. Nilimeza, nikanyanyuka, nikasukuma mlango wa bati.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, anakoroga. Shati lilikuwa gunia lililotobolewa mikono. Kando yake palikuwa na bakuli la pumba za mahindi zilizokorogwa na maji, nzi wamejaa, na alama za vidole vyake zilikuwa bado humo. Aliwapikia wazungu samaki, yeye anakula pumba. Kovu lilikuwa pale pale, kutoka kifundoni kwenda juu.

Nikasema, "Masanja."

Aliendelea kukoroga. Nikazunguka mbele yake, nikamwita tena. Akainua macho. Umewahi kutazama macho ya sangara aliyelala kwenye barafu? Yanakutazama na hayakuoni. Kisha akayashusha, akachukua kitunguu kingine.

Nyuma yangu nikasikia kikohozi. Nyanda alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, wala hakuonekana kushtuka.

"Umepotea njia?" akaniuliza.

"Huyu ni nani?"

"Mpishi. Hasikii, hasemi. Wageni wako wanakusubiri."

Akanipisha nipite, kwa adabu kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo. Ndipo nilipomchukia, kwa ile adabu.

Kesho yake nilikuwa Misungwi. Kabula nilimkuta shambani, anapalilia kipande cha kukodi, kwa sababu shamba la mume wake na ng'ombe Lugata alishavichukua, akisema mali ni ya ukoo. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea alie, au anifukuze. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza neno moja tu.

"Alitia embe?"

"Alitia, shemeji."

Akafuta jembe kwa majani, akaenda kumwomba jirani amwangalie Shija.

Alikaa kwa dada yake mjini kusubiri matembezi yanayofuata. Nilimwingiza katikati ya wazungu wangu, nikawaambia ni mama wa kutueleza vyakula vya Kisukuma. Wakafurahi sana, wakampiga picha kila kona. Alitembea alasiri nzima, kitenge kimefungwa kichwani, akala kila kilicholetwa: karanga, matobolwa, dagaa.

Tulipofika uani, samaki wakaletwa. Kabula alionja. Nilimtazama usoni, hakuna kilichobadilika. Alikula taratibu, akafuta sahani kwa ugali, akanawa mikono, akaikausha kwenye kitenge. Mwanamke alikula chakula kilichopikwa na mume aliyemzika, akakimaliza, kama mtu anayekula ili apate nguvu ya kazi. Kisha akasimama, akaenda kwenye mlango wa bati. Nilimfuata.

Nyanda wakati huo alikuwa amepanda juu ya jiwe kubwa la nje ya ua, mkono juu, anatafuta mawasiliano ya simu yake. Mtu mzima na suti, juu ya jiwe kama pimbi.

Kabula alichuchumaa mbele ya Masanja. Alimsalimia kwa Kisukuma, mwadila, kama mke anayerudi kutoka shambani. Hakujibu. Akamshika kidevu, akamfungua mdomo, akatazama. Watu husema misukule, hawa wafu wanaofanyishwa kazi, hukatwa ulimi. Uongo, nami niliuona, ulikuwepo mzima. Aliyekosekana ni mwenye kuutumia. Ndipo Kabula akamtoa mwiko mkononi, polepole, kidole kimoja kimoja, akauweka chini.

"Baba Shija," akasema, "twende nyumbani."

Masanja akasimama. Sijui kama alisikia, au ni mkono uliomvuta. Wakatoka wote wawili, Masanja na gunia lake mwilini, wakapita katikati ya meza. Na unajua wazungu walifanya nini? Walipiga makofi. Walidhani ni igizo tumewaandalia. Walisimama, wakapiga picha, mmoja akafuta machozi. Nyanda aliona yote kutoka juu ya jiwe. Angefanya nini mbele ya wageni wake? Aliteremka, akajifuta vumbi, akawatabasamia, akawaambia kwa Kiingereza chake kibovu kuwa hiyo ndiyo desturi yetu ya kumuaga mpishi. Wakaandika.

Sikurudi kazini tena. Niliwafuata akina Kabula mpaka Misungwi.

Ungefikiri kijiji kingeshangilia. Walikimbia, wengine wakafunga milango. Hao siwalaumu, hata mimi nilikaa naye kwenye basi nikitazama dirishani. Ninayemdharau ni Lugata. Alitoka nje akamtazama ndugu yake wa tumbo moja, kovu lile, uso ule, akasema hamjui. Akaita wazee wa ukoo. Wakakaa, wakanywa, wakaamua kwamba aliyezikwa amezikwa, na marehemu harudi kudai ng'ombe. Hakuna aliyesema tulifukue kaburi tuone. Niliwaambia mimi. Lugata akanijibu kuwa Mwanza imenifundisha wazimu, akawatazama wazee, nao wakacheka. Walicheka kwa sababu pombe ilikuwa yake.

Kabula hakubishana. Alimchukua mume wake na mtoto, akashuka Kigongo, akavuka na kivuko kwenda ng'ambo, kwa wajomba zake Sengerema, ambako hakuna aliyemjua Masanja akiwa hai wala amekufa. Huko alimlisha uji kama mtoto. Nilikwenda kuwatembelea mara kadhaa. Alinenepa kidogo. Alijua kukaa kivulini na kuingia ndani mvua ikinyesha. Shija alikuwa akimwekea kichwa pajani, naye baada ya muda mrefu aliweka mkono juu ya kile kichwa, akauacha hapo. Neno hakusema hata moja. Kupika pia hakupika tena. Kabula alikuwa akimwondoa jikoni kila alipoelekea huko. Alisema amekwisha kupika vya kutosha.

Alikufa baada ya miaka michache, safari hii kweli. Kabula alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, akaacha jeneza wazi mpaka kaburini, akatuita mmoja mmoja tukamtazame. Na nani alikuja? Lugata. Alivuka na kivuko, akaingia pale akilia ile sauti yake, mdogo wangu, mdogo wangu. Yule yule ambaye kwa wazee alisema hamjui. Nilitaka kumtoa. Kabula akanizuia.

"Mwache ale, shemeji," akasema. "Ndicho alichokifuata."

Akala, na akaongezewa. Amekula matanga ya mtu mmoja mara mbili, na yuko hai mpaka leo, mzima wa afya.

Nyanda naye usidhani alipigwa na radi. Ulizoea hadithi. Nyanda ana hoteli sasa, hukaa benchi la mbele kanisani, na harambee ikiitishwa hutajwa wa kwanza, watu wanapiga makofi kama wale wazungu. Ameajiri wapishi wengine. Ni akina nani, sijui, na wanaokula pale hawaulizi.

Mimi nimebaki na hili: siwezi kula chakula cha mtu nisiyemwona. Harusini narudi na njaa. Nikialikwa, kwanza naingia jikoni, nawasalimia wapishi mmoja mmoja, nangoja waitikie. Watu huniona mshamba. Waache.

Nawe unayecheka, sikia. Wachawi unawaogopa bure, hawana funguo za nyumba yako. Ukifiwa, mtazame anayeharakisha kuzika. Mtazame anayelia kuliko mjane. Na kama jeneza limepigwa misumari, hata wakikuita mwendawazimu, omba nyundo.